Kuomba na Sitara

Mtu akitakiwa kujieleza mbele ya wenye mali ili apewe, ni kiasi gani cha siri za kwao anachoruhusiwa kukitoa nje? Suala hili ni la kale, lakini kila mwaka, vyuo vifungwapo kwa likizo ndefu na baridi ya milima ya Uluguru inaposhuka hadi mjini Morogoro, huzaliwa upya mikononi mwa wanafunzi wanaoandika insha za kuomba ufadhili, kila mmoja akijibu maswali mawili yale yale: wewe ni nani, na kwa nini uchaguliwe wewe na si mwenzako.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, amelichambua jambo la kuomba katika kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din, na hukumu yake ni kali: asili ya kuomba ni haramu, na huhalalika kwa dharura au kwa haja iliyo karibu na dharura, kwa kuwa ndani yake mna mambo matatu, nayo ni kumshitaki Mwenyezi Mungu kwa viumbe wake, kujidhalilisha mbele ya asiyekuwa Yeye, na kumuudhi anayeombwa, ambaye aghalabu hutoa kwa kuona haya na si kwa radhi ya moyo. Hilo la tatu halimhusu mwanafunzi wetu, maana mfadhili mwenyewe ndiye aliyetangaza kuwa mlango wake u wazi. La pili nalo hupungua uzito, kwani kuitaja sifa ya kweli mbele ya mwenye kuihitaji si kujidhalilisha, wala si majivuno. Nabii Yusuf alimwomba mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akajieleza kuwa ni mlinzi na mjuzi, wala Qurani haikumlaumu. Lakini naona insha hizi zimeleta jambo la nne, ambalo kwangu ni zito kuliko yote: kumvunjia sitara mtu asiyeomba chochote.

Namfahamu binti mmoja wa Mgeta, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambaye likizo iliyopita alikuwa kwao Nyandira akiandika insha ya namna hiyo, huku mama yake ameketi karibu naye akichambua njegere za kupeleka sokoni asubuhi. Alikuwa ameandika kwamba amelelewa na mjane fukara asiye na kitu, akaeleza usiku waliolala bila kula, na deni la dukani, na siku mama alipokwenda kwa jirani kuomba chumvi akarudi mikono mitupu. Mama alimtaka amsomee, naye akasoma. Yule mama alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kazi yake, kisha akauliza neno moja tu: “Mwanangu, na jina la kijiji umeliandika?”

Kila nilitafakaripo swali hilo nahisi kwamba lina fikihi yake. Yote aliyoyaandika binti yalitokea, ila yale ya chumvi na deni hayakuwa yake peke yake kuyatoa, na neno “asiye na kitu” halikuwa kweli. Kwa Waluguru ardhi hurithiwa kwa upande wa mama, na mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake. Mjane huyo, ambaye fedha kweli hana, analima shamba la ukoo wake, na ni njegere na kabeji za shamba hilo, pamoja na msaada wa wajomba, zilizomfikisha binti chuoni. Kumwita fukara asiye na kitu, ili huruma ya msomaji ipate mahali pa kushika, ni kumpokonya kwa kalamu kile ambacho mauti ya mume hayakumpokonya.

Siwalaumu vijana kama ninavyowalaumu wanaotunga maswali. Njia nyingine ipo: Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, humtaka yatima alete cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Watu huiona karatasi hiyo kuwa kavu, nami naiona ina rehema, kwa sababu huthibitisha msiba bila kumlazimisha mtu aulie upya mbele ya wageni. Injili ya Mathayo humwamuru mtoaji afiche sadaka yake hata mkono wa kushoto usijue; basi ikiwa fahari ya mpaji yastahili kufichwa, haya ya mpewaji yastahili zaidi. Mfadhili na aulize ada ni kiasi gani na nyumbani hupatikana kiasi gani, apokee vyeti, na katika insha aulize kijana anataka kusoma nini na ameanza kufanya nini. Habari za chumvi aziache Nyandira.