Akiba Haiozi?

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi redio pale Ngamiani, Tanga. Alipofariki hakuacha nyumba ya kupangisha wala minazi ya kugombaniwa. Aliacha valvu. Namaanisha zile chupa za kioo zilizokuwa zikiwaka wekundu ndani ya redio za zamani, ambazo sisi watoto tulikuwa tukiziita glopu, naye akitukemea kila mara: "Glopu ni ya kuonea. Hii ni ya kusikia." Wajomba waligawana cherehani, baiskeli na kitanda. Nilipouliza makasha yale ni ya nani, wakacheka. "Chukua wewe uliyesoma."

Basi nikachukua. Makasha 11, valvu 1,346. Nimezihesabu mara mbili.

Ndugu msomaji, usidhani nimekuja kukufundisha ufundi wa redio. Nina swali linaloninyima usingizi, nalo ni hili: mtu aliyeweka kitu, anadaiwa nini na yule anayekihitaji? Ila siwezi kulifikia bila kukupitisha kwanza kwenye makasha, maana swali lenyewe lilikuwa limelala humo.

Valvu ni chupa iliyotolewa hewa. Ndani yake mna uzi unaopashwa moto na umeme, na moto huo ndio unaofanya elektroni ziruke kutoka kipande kimoja cha chuma hadi kingine. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza ya kwanza mwaka 1904. Kwa miaka zaidi ya 40 hakukuwa na redio ya maana bila yeye na waliomfuata. Halafu mwaka 1947 Wamarekani wakazua transista, na baada ya muda vijiredio vya betri vikaingia kila kijiji, na mafundi wa valvu wakaanza kukaa vibarazani wakisubiri wateja wasiokuja. Babu alikuwa mmoja wao.

Ajabu ya valvu ni kwamba ikikaa bila kutumika haizeeki, mradi hewa isiingie. Juu kwa ndani kuna doa linalong'aa kama fedha. Hilo ni bariamu, iliyowekwa makusudi ili inyonye hewa yoyote iliyobaki. Kioo kikipata ufa, hata ule usioonekana kwa macho, doa hugeuka jeupe kama maziwa, nawe unajua hiyo imekwisha. Nilizipata 23 za namna hiyo. Nyingine zote, doa linang'aa kana kwamba zimetoka kiwandani jana. Kwa hiyo wazee waliosema akiba haiozi, kwa upande wa valvu hawakukosea.

Lakini kuziweka ni kazi, bwana! Hewa ya Tanga ina chumvi, na chumvi hula miguu ya valvu ikashika kutu. Mende hula maboksi. Nzito ukiziweka juu ya nyepesi, miguu inapinda. Na maandishi juu ya kioo ni adui wa kitambaa. Siku ya kwanza nilichukua moja yenye vumbi nikaifuta vizuri kwa kitambaa chenye maji, kumbe nimefuta na jina lake. Nikabaki nimeshika kitu kizima kisichokuwa na jina. Toka siku hiyo vumbi nalipuliza tu.

Ndipo nikafika kwenye jambo lenyewe: nizipangeje? Babu alizipanga kwa jinsi alivyozinunua. Kasha la mnada wa mwaka fulani, kasha la Mhindi aliyefunga duka, kasha la rafiki aliyehamia Mombasa. Kwake yeye kila kasha lilikuwa kumbukumbu. Kwangu lilikuwa fujo. Ningeweza kuzipanga kwa majina, lakini valvu moja ina majina mengi kama mtu mwenye madeni. Ile ambayo Wazungu wa Ulaya waliiita ECC83, Wamarekani waliiita 12AX7. Majina ya Ulaya yana mantiki yake: E ya mwanzo inasema uzi unataka volti 6.3, L inasema hii ni ya kusukuma spika, na namba inayoanza na 8 inasema ina miguu tisa. Ya Kimarekani yana mantiki nyingine. Na jeshi la Uingereza nalo likaona lisipitwe, likatoa majina yake yanayoanza na CV, likaziuza mitumba yake baada ya vita katika maboksi ya kaki yasiyosema lolote zaidi ya namba.

Kwenye kasha la tisa nilikuta maboksi manne ya kaki, hayajafunguliwa, yameandikwa CV2975. Nikafungua daftari la babu. Kwenye ukurasa wa mwisho, kwa wino: "CV2975 – 4." Na pembeni, kwa kalamu ya risasi, kwa mwandiko uleule: "= EL84."

Nikaacha kazi usiku ule. Nitakwambia kwa nini.

Mama yangu hunisimulia habari za mwaka 1983. Nyumba ya tatu kutoka kwa babu aliishi mama mmoja, mjane, leo wote tunamwita Bi Mkubwa. Alikuwa na redio kubwa ya mbao aliyoachiwa na mumewe. Jioni watu walikuwa wakikusanyika kwake kusikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Redio ikanyamaza. Babu akaipima, akakuta iliyokufa ni EL84. Akamwambia hana, na madukani haipo, na wakati ule kweli madukani hakukuwa na kitu, hata sabuni. Wiki ya pili kaka yake Bi Mkubwa akafariki Lindi. Tangazo likasomwa redioni. Yeye alipata habari siku ya nne, kutoka kwa mpita njia aliyekuja kumpa pole akidhani anajua.

Na babu alikuwa nazo nne.

Nimeligeuza jambo hili kila upande, nikaona kuna njia tatu tu. Ya kwanza, hakujua. Aliandika ile "= EL84" miaka mingi baadaye, alipopata kitabu cha kulinganisha majina. Kama ni hivyo, hakusema uongo. Lakini je, yuko huru? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakimwonya mwenye mali asipate hasara, ila mimi naona hasara kubwa aliipata jirani. Anayejiita fundi, ambaye mtaa mzima unamtegemea, kutojua kilichomo ndani ya kasha lake mwenyewe si bahati mbaya tu. Alikuwa na miaka ya kuangalia.

Ya pili, alijua akazipenda mno. Wakusanyaji tuna ugonjwa huu, nami umeshanianza: ikiwa nne ni nne, ikitoka moja unaona pengo. Boksi lisilofunguliwa unaliona tamu kuliko lililofunguliwa. Kwa njia hii sina la kumtetea.

Ya tatu ndiyo mama anayoishikilia. Mwaka 1983 ndio ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Watu walipekuliwa majumbani, na mtu mwenye bidhaa nyingi kuliko haja yake alikuwa mashakani. Wengine walitupa mali vichochoroni usiku. Fundi mwenye makasha 11 ya vifaa kutoka ng'ambo angemwelezaje askari kwamba hizi si za ulanguzi? Ukitoa moja, watu watauliza umeitoa wapi. "Babu yako aliogopa," mama ananiambia, "na wewe hukuwepo."

Kweli sikuwepo. Na hofu naiheshimu. Lakini msako uliisha. Mwaka 1984 ulipita, ukaja 1985, biashara ikalegezwa, na redio ya Bi Mkubwa ikaendelea kunyamaza. Hofu inaweza kumfunga mtu mlango kwa mwaka mmoja. Ikishaondoka, anayeendelea kuufunga ni nani?

Juzi nilichukua moja kati ya zile nne nikaenda kwake. Ana miaka zaidi ya 80 sasa. Nikamshika mkono, shikamoo, marahaba mjukuu wangu, kisha nikamweleza yote bila kuficha. Alisikiliza akitafuna tambuu. Halafu akasema: "Babu yako alinirudishia ile mbovu kaifunga kwenye gazeti. Mkono ulikuwa unamtetemeka. Mie nikadhani ana homa."

Basi. Hakuongeza neno. Mkono wa mwenye hofu hutetemeka, na wa mwenye aibu hutetemeka vilevile.

Redio bado ipo, imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake pana picha ya marehemu mumewe. Nikaifungua nyuma. Sikuthubutu kuichomeka kwenye umeme, maana redio iliyolala miaka 40 kapasita zake zimekwisha, na kuiwasha hivihivi ni kuiunguza. Waya zilikuwa zimetafunwa na panya, koni ya spika imechanika. Nikasimama pale na ile EL84 mkononi, doa lake linang'aa kama shilingi mpya. Akiba haikuoza. Kilichooza ni kile kilichokuwa kikiingoja.

Nadhani hapo ndipo methali yetu ina upungufu. Inatazama kasha tu, haimtazami aliyesimama mlangoni. Kuweka si kosa, na asiyeweka hana cha kutoa. Lakini kitu kilichowekwa kina mwenyewe wawili: aliyekiweka, na yule ambaye siku moja atakuja kukiuliza. Wa pili hana hati, hana ushahidi, mara nyingine hata jina la kitu hajui. Kwa hiyo mpangilio ndio haki yake pekee.

Nimezipanga upya. Sikufuata majina wala makasha ya babu, nimefuata kazi: za kusukuma spika rafu moja, za kupokea mawimbi rafu nyingine, za umeme peke yake, nzito chini, zote zimelazwa ndani ya maboksi yenye pakiti za kunyonya unyevu. Daftari jipya lina safu tatu za majina ili mtu akija na jina lolote apate jibu. Lile la zamani nimelihifadhi kama lilivyo. Ile alama ya kalamu ya risasi sikuifuta, wala sikuipitishia wino.

Bi Mkubwa alikataa kuipokea valvu. "Mpe mwenye redio nzima," akasema. Kwa hiyo bado ziko nne. Mlangoni kwangu nimebandika karatasi: Valvu zipo. Ulizeni.