Macho ya Watu Hayanunuliki

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuleta duniani mikono mitupu, akaturuzuku bila hesabu, na atakayeturudisha kwake mikono mitupu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyelala juu ya jamvi mpaka likamwacha alama ubavuni, na ziwafikie jamaa zake, masahaba zake na kila anayefuata njia yao kwa wema.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu, nakuusieni na ninaiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu, kwa siri na kwa dhahiri, msikitini na sokoni. Nimelitaja soko makusudi. Wengi wetu tukivua viatu mlangoni mwa msikiti tunajua tumeingia mbele ya Mola, lakini tukiingia dukani tunasahau kuwa ni Mola yule yule anayetuona.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita zilifika habari nyumbani kwangu kwamba kuna watu wangekuja kumposa binti yetu. Furaha yetu haikumaliza siku moja kabla haijageuka wasiwasi. Tulikaa sebuleni tukaanza kutazama. Makochi tuliyoyakalia miaka kumi, yenye vitambaa alivyovifuma mama yangu kwa mkono wake, jioni ile tukayaona machakavu. Hayakuwa yamechakaa jioni ile. Sisi ndio tulikuwa tumeazima macho ya wageni ambao hawajafika, tukajitazama kwayo. Kesho yake nikaenda kuchukua seti mpya kwa mkopo, nikaahidi kulipa kidogo kidogo.

Wageni wakaja. Siku ilikuwa ya joto, wakaomba tukae nje barazani, kwenye mkeka, penye upepo. Wakauliza tabia ya binti, swala yake, na aliyemsomesha Qur'ani. Makochi hawakuyauliza. Deni nikalilipa kwa miezi minane. Katikati ya miezi hiyo, mama mmoja jirani, mjane, akabisha hodi usiku akiomba nimsaidie dawa ya mtoto. Nikamwambia, "Wallahi dada yangu, sina." Na kweli sikuwa na pesa. Zilikuwa sebuleni, zimefunikwa vitambaa.

Nimeirudia siku ile mara nyingi, na kila nikiirudia napata jibu lile lile: mimi sikununua makochi. Nilitaka kununua macho ya watu. Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa zama zetu. Haja ya mwili ni ndogo na ina kikomo: tumbo likishiba linakataa, mwili ukisitirika unatulia. Haja ya kuonekana haina shibe, kwa sababu aliyekuona leo kesho atamtazama mwingine.

Ndugu zangu, ugonjwa huu si mpya. Katika Surat al-Qasas, kuanzia aya ya 76, Mwenyezi Mungu anatusimulia habari za Qarun, mtu wa kaumu ya Nabii Musa, aliyepewa hazina ambazo funguo zake pekee ziliwalemea watu wenye nguvu. Watu wema walimnasihi asijigambe. Hawakumwambia aitupe mali yake. Walimwambia aitafute Akhera kwa kile alichopewa, asisahau fungu lake la dunia, na awafanyie watu wema kama Mola alivyomfanyia yeye. Akawajibu kuwa mali ile ameipata kwa elimu yake mwenyewe.

Kisha siku moja akatoka mbele ya watu wake katika pambo lake lote. Tuzingatie hapa. Qur'ani haitupotezei muda kutueleza rangi ya nguo zake wala idadi ya wanyama wake. Inatuonesha nyuso za waliokuwa wakimtazama. Walioitaka dunia wakatamani laiti na wao wangepewa kama alivyopewa Qarun, wakamwona ni mwenye bahati kubwa. Waliopewa elimu wakawasikitikia, wakawaambia malipo ya Mwenyezi Mungu ni bora kwa aliyeamini na akatenda mema. Ardhi ikammeza Qarun pamoja na nyumba yake, na wale wale waliotamani nafasi yake wakaamka wakimshukuru Mwenyezi Mungu kwamba hawakuwa yeye.

Basi tujiulize: Qarun anatoka mara ngapi mbele yetu kwa siku? Kwa watu wale alipita barabarani, akapita, akaisha. Kwetu anapita kiganjani. Tunaamka, kabla ya dua ya kuamka tumeshafungua simu, na maandamano yameanza: huyu kahamia nyumba mpya, yule kanunua gari, binti wa shangazi kavalishwa dhahabu mpaka kwenye viwiko, na baina ya picha moja na nyingine tangazo linatuambia kuwa na sisi tunastahili. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tukiona kitu kinajitembeza mbele ya macho yetu mchana na usiku, tujue anayekitembeza ana haja na mifuko yetu kuliko sisi tulivyo na haja na kitu chake.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alitupa kinga ya jambo hili katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim. Alitufundisha tumtazame aliye chini yetu katika mambo ya dunia, tusimtazame aliye juu yetu, kwa kuwa hivyo ndivyo hatutaidharau neema ya Mwenyezi Mungu tuliyo nayo. Simu zetu zinatufanyisha kinyume cha hadithi hii saa kwa saa. Zinatuonesha walio juu tu, na hata hao zinatuonesha siku yao ya harusi, si siku yao ya kudaiwa.

Na madeni ndiyo mlango wa pili wa maradhi haya. Huduma za pesa kwa simu zilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tumshukuru Mwenyezi Mungu zimetufaa: mtoto anamtumia mama yake kijijini, mgonjwa analipiwa hospitali usiku wa manane. Lakini baadaye mkopo nao ukaingia ndani ya simu ile ile. Zamani mtu akitaka kukopa alivaa kanzu, akaenda kwa mtu mzima, akaona haya, akaeleza shida yake. Haya ile ilikuwa pazia. Wengi walifika nusu ya njia, wakaifikiria shida yao, wakarudi nyumbani. Leo pazia limeondolewa. Mtu amelala kitandani, ameona viatu, amebonyeza, amekopa, na riba imeanza kuhesabiwa kabla hajapata usingizi.

Watu wameipa mikopo hii jina lake: kausha damu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Na tunajua wengine wanavyodai. Ukichelewa siku chache, wanawapigia watu waliomo kwenye simu yako: bosi wako, mkweo, imamu wako, na kuwaambia kuwa wewe ni mdaiwa. Tazameni hekima ya Mwenyezi Mungu katika adhabu hii. Mtu alikopa ili apendeze machoni pa watu, na deni lile lile likamvua nguo mbele ya watu wale wale. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Ndugu yangu, riba si dhambi ya kuchezea. Mwishoni mwa Surat al-Baqara, Mwenyezi Mungu amewatangazia wasioiacha vita kutoka kwake na kwa Mtume wake. Na hata deni lisilo na riba, Mtume wetu alikuwa akijikinga nalo kwa dua ndani ya swala. Akatuambia kuwa shahidi aliyekufa katika njia ya Mwenyezi Mungu husamehewa yote isipokuwa deni. Ikiwa damu ya shahidi haiwezi kulifuta deni, pazia jipya la sebuleni lina uzito gani wa kutufanya tulale nalo?

Tuingie kwenye harusi zetu. Kijana amempata mwenzake, mahari wamekubaliana, wazazi wako radhi. Kilichobaki ni ukumbi. Kamati inaundwa, kadi za michango zinagawiwa, ahadi zinaandikwa daftarini, sare zinachaguliwa, mpambaji anadai malipo ya awali, na mwaka unapita. Halali imechelewa kwa ajili ya maua. Wangapi katika kuingoja pesa ya ukumbi wametumbukia katika yale ambayo ndoa ililetwa iwakinge nayo? Kisha siku ya tatu baada ya sherehe, maharusi wanakaa chini kuhesabu wanaowadai, na ugomvi wa kwanza wa ndoa yao unazaliwa juu ya meza ya keki ambayo wao wenyewe hawakuila.

Abdulrahman bin Auf, mfanyabiashara ambaye Mwenyezi Mungu alimbariki mno, alipomweleza Mtume kuwa ameoa, aliambiwa afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Na Mtume mwenyewe alipomuoa bibi Safiyya, anasimulia sahaba Anas kuwa walima ule haukuwa na mkate wala nyama. Yalitandikwa majamvi ya ngozi, zikawekwa tende, maziwa makavu na samli, watu wakala. Ile ndiyo harusi ya kiumbe bora kuliko wote. Nani kati yetu atasema mgeni wake ni mkubwa mno kwa chakula kile?

Na Ramadhani nayo haikusalimika. Kumi la mwisho, ambalo usiku wake mmoja ni bora kuliko miezi elfu, safu zinapungua msikitini na mitaa ya sokoni Kariakoo inafurika mpaka hakuna pa kukanyaga. Simkatazi mtu kumvisha mtoto wake siku ya Idi, hilo ni furaha na ni sunna. Lakini mama anasukumana saa tano usiku kutafuta gauni la pili la mtoto ambaye la kwanza limeshapatikana, na Laylatul-Qadri huenda inampita pale pale penye foleni. Na Zakatul-fitri, pishi moja ya chakula, kama kilo 2.5, anaikumbuka asubuhi ya Idi watu wakiwa wameshaanza takbira, anaitafuta kwa chenji iliyobaki.

Asije mtu akasema kuwa Uislamu unawataka watu wavae matambara. Abdulrahman huyu alipohamia Madina hana kitu, ndugu yake Saad bin Rabii alitaka kumpa nusu ya mali yake, naye akamwombea baraka, akasema aoneshwe njia ya sokoni. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara. Katika Surat al-A'raf Mwenyezi Mungu anatuamrisha tuchukue mapambo yetu kwenye kila msikiti, tule na tunywe, tusifanye israfu. Na katika Surat al-Furqan anawasifu waja wake kwamba wakitoa hawafanyi israfu wala ubakhili, wanakaa katikati. Nguo nzuri ni halali. Ila tuogope onyo la Mtume kwamba mwenye kuvaa nguo ya kutafuta umashuhuri duniani atavishwa nguo ya udhalili Siku ya Kiyama.

Tutajuaje basi kuwa tumevuka mpaka? Bibi Aisha anatusimulia kuwa Mtume aliswali akiwa amevaa shuka yenye nakshi, nakshi zile zikamvuta macho mara moja. Alipomaliza akaagiza irudishwe kwa Abu Jahm aliyempa, aletewe shuka ya kawaida isiyo na nakshi, kwa sababu ile ilimshughulisha katika swala yake. Haikuwa haramu. Haikuwa ya mkopo. Iligusa moyo wake ndani ya swala, ikaondoka nyumbani siku ile ile. Kipimo ndicho hicho, ndugu zangu: kitu chochote tulichonacho, kinakaa wapi tunapoinua mikono kusema Allahu Akbar?

Nakuusieni mambo matatu. La kwanza, kila ukitaka kununua kisichokuwa cha lazima, jiulize: kama ningekuwa peke yangu duniani, hakuna wa kuniona, ningekinunua? Nafsi itakujibu, nayo haidanganyi ikiulizwa faraghani. La pili, usikope kwa ajili ya kupendeza. Kopa kwa ajili ya maradhi, ada ya mtoto au mtaji ukilazimika, na ukope kwa njia ya halali. La tatu ni la Sayyidna Umar. Alimkuta Jabir bin Abdullah amebeba nyama, akamuuliza ni nini, akajibiwa kuwa walitamani nyama wakanunua ya dirhamu moja. Umar akamlaumu: hakuna kati yenu anayependa kulikunja tumbo lake kwa ajili ya jirani yake au binamu yake? Basi mara moja kwa mwezi tamani kitu, kiache, na bei yake ipeleke nyumba ya jirani kabla jua halijazama.

Yule mtoto wa jirani yangu alipona, alhamdulillah. Dawa ililipiwa na kijana mmoja muuza kahawa wa mtaani kwetu, ambaye nyumbani kwake sijawahi kuona kochi. Thawabu ile ilianzia mlangoni kwangu. Ilibisha hodi kwa jina langu, nikaifungulia, nikaiambia sina, ikavuka barabara. Makochi yamechakaa tena sasa. Vitambaa vya mama nimevirudisha juu yake.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako, na kwa fadhila zako tusimhitaji asiyekuwa wewe. Tulipie madeni yetu, tupe mioyo inayokinai, na usitufanye miongoni mwa wanaotafuta macho ya waja wako wakasahau kuwa jicho lako halilali. Na mwisho wa wito wetu ni kumshukuru Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Amin.