Ukiona Vyaelea

Mtu aliyeunda chombo, akalipwa mshahara wake, kisha akafa na kuzikwa mbali na kwetu, je, bado anatudai kitu? Swali hili nimelitafakari kwa miaka kadha hapa Buhembe. Wengine hupumzika kwa bao. Mimi hutafuta habari za mitambo ya zamani ya studio na watu walioiunda: mashine za kurekodia za tepu kubwa, maikrofoni nzito za chuma, vikuza sauti vya valvu.

Kijana jirani yangu aliwahi kuniambia, "Shikamoo mzee. Hao watu walikwisha kulipwa. Sasa wewe unawatafutia nini?" Hoja yake ina uzito. Aliyelipwa hadai. Tena, hao mafundi hawakutuwaza sisi hata siku moja; na wema usiokusudiwa, wengi watasema, hauna deni.

Lakini hebu tuitazame tepu yenyewe. Mwaka 1928 mhandisi Fritz Pfleumer, huko Ujerumani, alisajili uvumbuzi wa ukanda wa karatasi uliopakwa unga wa chuma. Kabla ya hapo alikuwa akishughulika na karatasi za sigara; ujuzi wa kupaka urembo kwenye sigara ndio uliomfungulia njia ya kuhifadhi sauti. Kampuni ya AEG ililichukua wazo lake, na mwaka 1935 ikaonyesha mashine yake, Magnetophon, mjini Berlin. Mwaka 1940 Walter Weber akagundua kwamba umeme wa masafa ya juu ukichanganywa na sauti kwenye kichwa cha kurekodia, ule mvumo wa kukera hupungua mno. Weber alifariki mwaka 1944, kabla dunia haijafaidi kazi yake. Baada ya vita, mwanajeshi wa Marekani, Jack Mullin, alipeleka kwao mashine mbili za namna hiyo, na mwaka 1948 kampuni ya Ampex ikatoa za kwake. Mwaka 1951 Stefan Kudelski, mzaliwa wa Poland aliyeishi Uswisi, akaunda mashine ya kubeba, akaiita Nagra, neno la Kipolandi lenye maana ya "itarekodi".

Msomaji asidhani kwamba nawatungia sifa. Magnetophon hiyohiyo ilitumika katika redio ya utawala wa Hitler, kueneza maneno yaliyoangamiza watu. Kumjua muundaji si kumsifu. Ni kukiri kwamba kitu hiki kilitoka mikononi mwa watu, na watu huchagua, hukosea, na huulizwa.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi wa Bukoba tunaujua uchungu wa methali hii. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikachukua mamia ya watu wetu. Tangu hapo, hakuna awezaye kutuambia kwamba kuuliza chombo kiliundwaje, na nani anakitunza, ni udadisi wa mtu asiye na kazi.

Basi jibu langu kwa yule kijana ni hili. Mshahara hulipa jasho, lakini haununui haki ya kusahau. Tena deni lenyewe hatudaiwi na marehemu, kwa kuwa yeye halihitaji tena. Tunadaiwa na walio hai. Mtoto anayekua akiamini kwamba mashine hushuka tu kutoka ng'ambo, hazina wenyewe, hatathubutu kufungua kifuniko chake. Akijua kwamba Pfleumer alianzia kwenye karatasi za sigara, ataitazama mikono yake kwa macho mengine.

Na jambo hili si la ng'ambo tu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi muziki wa makabila kadha, wakiwamo Wahaya. Baadaye Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi zetu, kama Mlimani Park, kwenye tepu za namna hiyohiyo. Lakini tepu bila mashine ni bubu, na mashine bila mtu anayeielewa ni chuma tu. Siku fundi wa mwisho atakapoondoka bila kumfundisha mwingine, sauti za wazee wetu zitakuwa zimo ndani ya boksi, nzima pengine, na hakuna atakayezisikia.

Watangazaji wetu walikuwa na desturi nzuri. Kipindi kikiisha, mtangazaji alimtaja fundi mitambo wake kwa jina, ndipo akaaga. Msikilizaji hakumwona fundi huyo wala hakuisikia sauti yake, lakini alikumbushwa kwamba nyuma ya kioo kulikuwa na mtu. Hakuna aliyeona kwamba kutaja jina hilo ni kupoteza muda, ingawa fundi naye alikuwa na mshahara wake. Desturi hiyo inafaa kuvuka milango ya studio, iwafikie waashi wa nyumba zetu, mafundi wa mitumbwi yetu na washonaji wa nguo zetu. Tuwataje, ili wakifanya vema tujifunze kwao, na wakiharibu tujue pa kuuliza.