Mgahawa na Mkono wa Fundi

Mtu anapokaribishwa chakula hupewa vitu viwili kwa pamoja: kile kilichomo sahanini, na mahali pa kukilia. Cha kwanza hushibisha tumbo. Cha pili humwambia mgeni yeye ni nani mbele ya mwenyeji wake. Kwa hiyo swali la namna ya kupamba mgahawa, ambalo kwa wengi ni swali la mbao na rangi tu, kwa hakika ni swali la maadili. Napenda tulitazame swali hilo katika mfano mmoja mdogo, ambao mimi mwenyewe nilishiriki, na ambao ndani yake nilikosea.

Mpwa wangu alipata chumba cha biashara kando ya barabara itokayo Muleba kwenda Bukoba. Alikusudia kuuza ndizi za kupika, maharage, samaki wa ziwani na kahawa. Katika mpango wake wa kwanza mlikuwamo viti vya plastiki, maua ya plastiki, na picha kubwa ya mji wa ng'ambo ukutani. Nilipomwuliza sababu, alinijibu, "Mjomba, viti hivi ni rahisi, huoshwa upesi, na mteja akiviona hujua kwamba mahali hapa ni pa kisasa."

Tusimcheke. Sababu mbili za kwanza zilikuwa za kweli. Ya tatu ndiyo iliyonisumbua, kwani maana yake ni kwamba mtu wa Muleba huamini amefika mahali pa heshima pale tu asipoona chochote cha Muleba. Mwezi Desemba 1962, Rais Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kwamba utamaduni ndio kiini na roho ya taifa. Wakati huohuo alionya kwamba taifa lisilotaka kujifunza kutoka kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Maneno hayo mawili huenda pamoja, na anayechukua moja na kuacha jingine hupotea.

Basi tulianza upya, na tulianza kwa kuitazama nyumba ya wazee wetu. Msonge wa Wahaya, ambao mfano wake unaonekana katika Kijiji cha Makumbusho Dar es Salaam, ulikuwa nyumba ya duara iliyoezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Ndani, vyumba vilitengwa kwa kuta za matete. Sakafu ilitandikwa nyasi laini, na juu yake mgeni alikaa. Kabla ya mazungumzo aliletewa kahawa ya kutafuna, yaani matunda ya mbuni yaliyochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri na kukaushwa. Watu wawili waliofanya udugu wa damu waligawana punje mbili za tunda moja. Hivyo hata tunda dogo la kahawa lilikuwa na kazi katika kufunga ahadi za watu. Katika nyumba hiyo kila kitu kilitumika. Hakikuwamo kitu cha kutazamwa tu.

Somo hilo hatukulielewa mara moja. Kwa furaha ya kugundua vya kwetu, tulikusanya vibuyu, mikuki, vigoda na kipande cha nguo ya magome, tukavitundika vyote ukutani. Kigoda kimoja tulikipigilia misumari. Mzee mmoja jirani alikuja kutazama, akasimama mbele ya ile nguo ya magome. Nguo hiyo hutengenezwa kwa kuambua gome la mti wa jamii ya mikuyu na kulipiga kwa nyundo ya mbao yenye mifuo hadi lilainike, na ufundi wake kwa majirani zetu Waganda ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Mzee alituambia kwa upole: "Wanangu, nguo hii tulivaa, na nguo hii tulizikia. Mmeuliza inamwambia nini mtu anayekula?" Hatukuwa tumeuliza. Tuliishusha, na kigoda tukakirudisha sakafuni, kwa maana kigoda kisichokaliwa ni maiti ya kigoda.

Hata hivyo kosa langu kubwa lilikuwa bado. Tulikwenda kijijini kwa mama mmoja msusi kuagiza mikeka, na vikapu vidogo vya kumpelekea mgeni kahawa. Alitaja bei yake. Mimi, mtunga mashairi ya kusifu utamaduni, mtumishi wa serikali mwenye mshahara wa kila mwezi, nilimwambia kwamba kwa fedha hiyo ningepata sokoni bakuli tatu za plastiki. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, waitu, chukueni." Tulipokuwa tukiondoka akaongeza, "Binti yangu hataki kujifunza kazi hii. Ameona inavyolipwa."

Neno hilo lilinirudisha kwenye historia yetu. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao kuhusu uyeyushaji wa chuma katika Buhaya, wakaonyesha kwamba mafundi wa eneo hili walijua kutengeneza chuma cha pua tangu kale, karne nyingi kabla ya mgeni yeyote kutoka Ulaya kufika. Wazee waliwajengea tanuri kutokana na kumbukumbu za ujana wao, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa imekwisha miongo mingi nyuma. Miongoni mwa mambo yaliyoiua ni bei: chuma cha kigeni kiliuzwa rahisi, na fundi wa kwetu akazima moto wake. Ufundi uliodumu karne nyingi unaweza kufa katika kizazi kimoja, iwapo kizazi hicho kinausifu kwa maneno na kuupunja kwa fedha.

Nilimweleza mpwa wangu kwamba yatupasa kurudi na kulipa bei iliyotajwa. Naye akanipa hoja ambayo sikuweza kuipuuza: "Mjomba, nikilipa hivyo kwa kila kitu, sahani itapanda bei. Kijana wa bodaboda na mama wa sokoni hawataingia. Nitakuwa nimepamba nyumba kwa vitu vyao, nao nimewafungia mlango." Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Haki ya msusi iko upande mmoja, haki ya mlaji maskini iko upande wa pili, na zote mbili ni haki.

Jibu tulilolipata ni kupunguza wingi wa mapambo, si kupunguza malipo ya fundi. Tulinunua vikapu sita mahali pa ishirini, na mikeka miwili tu, tukavilipa kikamilifu. Sakafu tuliiacha ya saruji, ambayo huoshwa kwa urahisi, kwani nyasi za msonge zilifaa familia iliyozibadilisha, hazifai chumba cha watu mia kwa siku. Jiko tulilitenga, mbali na chochote kinachoshika moto. Chumba tulikigawa kwa ukuta wa matete uliofungwa katika fremu ya mbao. Ni mwepesi, hupitisha hewa, na waliopitia tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 mjini Bukoba na vitongojini mwake hawahitaji kufundishwa hofu ya tofali lisilofungwa vyema. Meza na mabenchi vilichongwa na seremala wa jirani. Na viti vichache vya plastiki vikabaki, kwa sababu uongo wa kuvificha ungekuwa mbaya kuliko viti vyenyewe.

Msusi alipopelekewa fedha iliyobaki hakusema mengi. Aliuliza tu vikapu vinatumikaje. Alipoambiwa kwamba kila mgeni huletewa kahawa ndani yake kabla ya chakula, alitaka kujua kama kifuniko kinakaa vizuri. Lilikuwa swali la fundi anayejali kazi yake, nami naliona kuwa zawadi kubwa kuliko shukrani.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini mtu hawezi kuirudia asili kwa kununua sura yake kwa bei ya kuinyonya. Mgahawa huwa wetu pale aliyeusukia mikeka, anayeupikia na anayekula ndani yake wanapoweza wote watatu kutazamana bila aibu. Walimu na wanafunzi mnaosoma insha hii mnavyo darasani vitu vilivyofanywa kwa mikono ya watu wa kwenu. Kabla ya kuvisifu katika mtihani, ulizeni kwanza: aliyekitengeneza alilipwa nini, na je, mwanawe bado anajifunza?