Asante kwa Herufi, na Nafaka Je?

Ndugu msomaji, hebu nikuulize swali ambalo limeninyima usingizi kwa wiki kadhaa. Mtu akikupa kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akakunyang'anya, utamwambia asante? Usinijibu upesi. Ngoja kwanza nikupeleke mbali, kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki, ndipo nikuambie kwa nini nauliza.

Waestonia, ambao nchi yao inatazamana na Ufini, wana msemo wa tangu zamani: "zama zile nzuri za Mswidi". Majirani zao Walatvia nao wanao wa namna hiyo hiyo. Nilipousoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Mgeni kaja kutawala, halafu mwenyeji anamsifu! Nikaamua kuchimba.

Waswidi waliingia kaskazini mwa Estonia mwaka 1561. Mwaka 1621 Mfalme Gustav II Adolf aliuteka mji wa Riga kutoka kwa Wapolandi, na kufikia 1629 sehemu kubwa ya nchi iliyoitwa Livonia ilikuwa mkononi mwake. Lakini usidhani mkulima wa huko alikuwa akikutana na Mswidi kila asubuhi. Aliyemkalia shingoni alikuwa kabaila wa Kijerumani, ambaye wazee wake walikwisha ishika ardhi ile kwa karne nyingi. Mkulima alikuwa mtu wa shamba la bwana. Hakuwa na ruhusa ya kuhama, na siku zake za kazi zilikuwa za bwana kabla ya kuwa zake.

Sasa tazama mkono wa kulia. Mwaka 1632 Waswidi walifungua chuo kikuu mjini Tartu. Mwaka 1684, karibu na mji huo huo, kijana mmoja aitwaye Bengt Gottfried Forselius alianzisha chuo cha ualimu kwa ajili ya watoto wa wakulima. Alirahisisha tahajia ya Kiestonia ili mtoto asome lugha ya mama yake bila kuteswa. Mwaka 1686 aliwachukua vijana wawili, Ignati Jaak na Pakri Hansu Jüri, akavuka nao bahari hadi Stockholm, wakasoma mbele ya Mfalme Karl XI. Hebu fikiri! Makabaila walikuwa wakisema mkulima hana akili ya kitabu, na hao hapo watoto wa wakulima wanasoma mbele ya mfalme! Mwaka 1688 Forselius alikufa maji akirudi kutoka Stockholm. Mwaka uliofuata Biblia nzima ilikuwa tayari kwa Kilatvia, kazi ya mchungaji Ernst Glück.

Na si hayo tu. Karl XI aliwanyang'anya makabaila mashamba yao. Huko Livonia karibu sehemu tano kati ya sita za mashamba makubwa ziliingia mikononi mwa serikali yake. Mwaka 1681 alipendekeza hata wakulima waachiwe huru. Makabaila wakakataa katakata.

Haya, geuka sasa utazame mkono wa kushoto. Mkulima wa Uswidi kwao alikuwa mtu huru, lakini yule wa Livonia alibaki amefungwa. Tena sheria za mwaka 1668, chini ya bendera hiyo hiyo ya Uswidi, zilikaza kamba. Yale mashamba waliyonyang'anywa makabaila hayakwenda kwa mkulima. Yalikwenda kwenye hazina ya mfalme, ambaye alitaka fedha za jeshi. Kisha ikaja njaa kuu ya 1695 hadi 1697. Mvua na baridi ziliua mazao. Wanahistoria hukadiria kwamba katika Estonia karibu mtu mmoja kati ya kila watano alikufa. Na wakati watu wanaanguka njiani, meli zilikuwa zikipakia nafaka kuipeleka Uswidi na Ufini.

Sasa huo uzuri uko wapi, bwana?

Jibu nililopata ni kwamba sifa ya Mswidi iliandikwa na aliyekuja baada yake. Mwaka 1710 Urusi iliitwaa nchi. Vita na tauni vilikuwa vimekwisha kuifagia. Tsar Peter akawarudishia makabaila mashamba yao, na mwaka 1739 msemaji wao akatamka wazi kwamba mkulima, pamoja na kila alicho nacho, ni mali ya bwana. Uhuru wa mwili ulikuja 1816 kwa Estonia na 1819 kwa Livonia. Anayechapwa kwa mjeledi humkumbuka kwa wema yule aliyemchapa kwa fimbo. Msemo ule, kwa maoni yangu, si shukrani hasa. Ni kilio kilichovaa nguo za shukrani.

Nilisema nitakuambia kwa nini nauliza. Baba alipofariki, baba mdogo alichukua shamba letu. Mama hakuulizwa. Baba mdogo huyo huyo ndiye aliyenilipia ada hadi nikamaliza kidato cha nne. Leo, kila nikikaa na daftari kuandika riwaya yangu, kalamu ninayoshika ni ya kwake, na mahindi ambayo mama hakuvuna ni ya kwake pia. Kwenye vikao vya ukoo husemwa, "Mshukuru baba yako mdogo, bila yeye ungekuwa nani?" Nami huinamisha kichwa.

Lakini tangu nikutane na Jaak na Jüri, nimeanza kuinua kichwa kidogo kidogo. Forselius aliwapa herufi, na anastahili asante. Alitoa maisha yake. Ila aliyesoma mbele ya mfalme si Forselius. Ni wao. Jaak alirudi kwao Kambja akawa mwalimu, akaligawa lile alilopewa. Herufi ikishaingia kichwani mwa mtu haina tena mwenyewe mwingine.

Basi naamini hivi: asante ni neno moja, na hesabu ni neno jingine. Wahenga walisema wema hauozi. Sawa, lakini hawakusema wema unafuta deni. Nitamshukuru baba mdogo kwa ada, kwa moyo mkunjufu kabisa. Kisha, nikiwa bado nimekaa pale pale kwenye mkeka, kwa adabu, nitamuuliza habari za shamba la mama.

Nawe msomaji, je, ungeuliza?