Deni la Kwanza

Dawa ya deni ni kulipa: ndivyo walivyonena wahenga, na hapana apingaye. Walakini hawakutaja dawa ya mtu ambaye hajapata kudaiwa na ambaye, kwa sababu hiyo hiyo, hakopeshwi. Chukua mfano wa mkulima wa Kipalapala, karibu na Tabora, ambaye kwa miaka mingi amekula jasho lake. Ataka gari dogo la mizigo la kupelekea asali na maembe mjini. Aenda benki, aulizwa amekopa wapi zamani, na alilipaje. Ajibu kwamba hakupata kukopa kamwe. Jibu hilo, ambalo kijijini ni sifa, mbele ya meza ya karani lageuka kasoro. Je, ni haki asiye na historia ya deni kuhesabiwa sawa na asiyeaminika?

Mkopeshaji ana hoja yake, nayo si ndogo. Fedha azitoazo si zake peke yake. Zimo akiba za watu wengine, na mwenye kuzitapanya kwa kumhurumia mgeni hakutenda wema. Gari nalo ni dhamana dhaifu: huchakaa kila siku, na laweza kupinduka kabla ya deni kwisha. Tena kukopa ni harusi, kulipa ni matanga. Ndiyo maana mwaka 2012 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa kanuni za taasisi zikusanyazo taarifa za wakopaji, ili mwenye kukopesha ajue mwendo wa mwenye kukopa.

Lakini njia ya kale ya misafara, iliyopita Tabora, ina neno la kuongeza. Katika karne ya 19 nguo na shanga zilizobebwa na misafara zilitolewa aghalabu kwa mkopo na matajiri wa Kihindi wa Unguja, na Taria Topan alikuwa miongoni mwa wakubwa wao. Mkopaji aliingia bara, akakaa huko miaka, wala mkopeshaji hakuwa na jicho la kumfuata. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alianza biashara yake kwa mali ya kukopa. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye makazi na jina katika nchi ya Tabora. Kijana hakuwa na daftari, lakini alikuwa na ukoo. Ushahidi ulikuwapo, ila ulikaa katika vinywa vya watu.

Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba hapana historia isiyo na mwanzo. Kila mwenye sifa ya kulipa aliaminiwa siku moja kabla ya kuipata sifa hiyo. Mkopeshaji angojaye wenzake watangulie kuamini ataka kuvuna shamba asilolilima.

La pili ni chungu zaidi. Madeni ya misafara yalilipwa kwa pembe za ndovu, na pembe nyingi zilipatikana kwa vita na utumwa. Daftari la Unguja liliandika kwamba deni limekwisha. Halikuandika machozi ya nani yalilimaliza. Basi historia ya malipo yaeleza kwamba fedha zimerudi; haielezi uadilifu wa aliyezirudisha. Aifanyaye kuwa mizani ya utu apima nguo kwa pishi.

Haki, kwa hiyo, haimtaki mkopeshaji afumbe macho. Yamtaka afumbue zaidi. Na aulize majirani, atazame mauzo ya asali, aitishe malipo ya awali na mdhamini, kisha aanze na kidogo. Mkopaji naye aseme kweli juu ya mapato yake, wala asimtwishe mdhamini mzigo ambao mwenyewe hauwezi. Kukataa baada ya kuchunguza ni busara. Kukataa kwa sababu daftari ni tupu ni kumwadhibu mtu kwa kosa la kutokuwa na kosa.