Mzee wa Dakika Moja



Katika makabila yetu mengi, mtu akifa, mtani wake hakosi kufika msibani. Wakati wengine wanalia, yeye anaiga mwendo wa marehemu, anadai deni la kuku ambaye hakuwako kamwe, pengine huingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa hawakasiriki. Hucheka, na machozi yangali mashavuni. Mchaga humtania Mpare, na Mpare humlipa zamu yake ikifika. Sisi tuliokulia katika desturi hiyo twaweza kufahamu upesi kwa nini watu wengi wa Uingereza walihuzunika tarehe 28 Januari 2020, alipofariki mzee Nicholas Parsons, mwenye umri wa miaka 96.

Hakuwa waziri wala jemadari. Alikuwa mwenyekiti wa mchezo wa redio uitwao Just a Minute, yaani "dakika moja tu", ambao BBC iliutangaza mara ya kwanza tarehe 22 Desemba 1967. Aliukalia mchezo huo hadi mwaka 2019, vipindi zaidi ya 900, na kwa miaka hamsini ya kwanza hakukosekana hata mara moja.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuucheza. Watu wanne huketi pamoja. Mwenyekiti humpa mmoja wao jambo lolote, na huyo hutakiwa kulisemea dakika nzima bila kusita, bila kurudia neno, na bila kutoka nje ya jambo lenyewe. Wenzake wakisikia kosa hubonyeza kengele, naye mwenyekiti hukata shauri. Mshtaki akiwa na haki hupata pointi, kisha huendelea yeye na sekunde zilizosalia. Akiwa hana haki, pointi humwendea msemaji. Anayesema firimbi ikilia hupata pointi pia. Aliyeutunga, Ian Messiter, alisimulia kwamba wazo lilimjia kutokana na adhabu ya shuleni: mwalimu alimkuta akiota ndoto za mchana, akamtaka aseme dakika nzima bila kusita wala kurudia. (Walimu wanaotusoma waone jinsi adhabu zao zinavyoweza kufika mbali.)

Sasa, hakimu wa mchezo kama huu hawezi kupendwa na wote. Kila hukumu yake ilipigiwa kelele. Marehemu Kenneth Williams, aliyefariki mwaka 1988, alikuwa akimfokea kwa hasira ya kuigiza mpaka wasikilizaji wakashika mbavu. Walimcheka kwa uzee wake, wakamcheka kwa hukumu zake, naye alipokea yote kwa adabu ya bwana mkubwa aliyemwagiwa chai na wageni wake. Zaidi ya hayo, mtu akishtaki bila haki lakini akawachekesha watu, mwenyekiti aliweza kumpa pointi ya ziada kwa kichekesho hicho. Alikuwa mtani wa wote: alijitoa yeye achekwe, wengine wang'are. Tunaona kwamba kazi hiyo ni ngumu kuliko kuchekesha kwenyewe, na ni wachache wanaoweza kuifanya mwaka mmoja bila uchungu kuwaingia moyoni, sembuse hamsini na miwili.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Nicholas Parsons, mwana wa daktari, aliyezaliwa Grantham mwaka 1923, alikuwa na kigugumizi utotoni. Kijana huyo alijifunza ufundi wa mitambo kando ya mto Clyde, kule Uskoti, huku moyo wake ukiwa katika michezo ya kuigiza; na baada ya miaka mingi, ndiye aliyewekwa kuwahukumu wanaosita. Angeweza kulipiza kisasi cha utoto wake. Hakufanya hivyo.

Tulipoifahamu habari hii tulimkumbuka Musa, aliyejitetea mbele ya Mungu kwamba mdomo wake ni mzito, akajibiwa kwa kuulizwa ni nani aliyemfanyia mwanadamu kinywa. Kisha tulikumbuka jambo lililo karibu zaidi, nalo latuaibisha. Tulipokuwa seminari kuu tulisoma na mwenzetu mwenye kigugumizi. Zamu yake ya kusoma chakulani ilipofika, tulingojea herufi fulani kama watoto wanaomngojea mtu ateleze matopeni. Alipokwama, tuliinamia sahani, na mabega yakatikisika. Hatukusema neno, kwa kuwa tulikuwa katika kimya cha kanuni! Naye aliona kila bega. Mtume Yakobo anaufananisha ulimi na moto mdogo uunguzao msitu mkubwa. Sisi tuliunguza msitu bila kufungua kinywa.

Siku aliyokufa mzee Parsons, 28 Januari, Kanisa humkumbuka Mtakatifu Thomas wa Akwino. Hatudai kwamba tarehe hizo zilipangwa pamoja, lakini zinafaana. Thomas naye alidhihakiwa na wanafunzi wenzake, wakamwita ng'ombe bubu kwa sababu ya ukimya wake. Ndiye aliyefundisha, katika kitabu chake kikubwa cha teolojia, kwamba roho ya mtu huchoka kama mwili unavyochoka, na mchezo na maneno ya furaha ndiyo pumziko lake. Anasimulia habari ya kale ya Mtakatifu Yohane Mwinjili, ambaye watu walichukizwa kumwona akicheza na wanafunzi wake. Yohane alimwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde, apige mshale, na mwingine, na mwingine. Kisha akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo akili ya mtu, akasema Yohane. Thomas hata amhesabia kosa mtu asiyejua mzaha kabisa, anayewalemea wenzake kwa uso wa mawe. Lakini aweka mpaka: furaha isitafutwe kwa maneno ya aibu wala ya kumdhuru mwenzako.

Hapo ndipo utani na dhihaka hutengana, ingawa kwa sikio la mgeni vyote viwili ni kicheko. Mtani humcheka anayeweza kumrudishia. Sisi kule chakulani tulimcheka mtu ambaye hakuwa na la kurudisha, maana silaha tuliyompokonya ilikuwa ni maneno yenyewe.

Mwenzetu yule ni paroko sasa, na waumini wake humsikiliza kwa utulivu ambao sisi wenye ndimi nyepesi hatuupati. Tulimwendea hivi karibuni. Tulimsimulia mchezo wa Waingereza na mwenyekiti wake, na katika Misa ya jioni tukamtaja mzee huyo pamoja na marehemu wote. Baada ya chakula tukajikaza, tukamwomba radhi kwa ajili ya yale mabega. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akanyamaza kidogo, kisha, kwa kigugumizi chake kilekile, akatuambia kwamba tumesita mara tatu na kurudia neno moja mara mbili, basi pointi ni yake.